Aliyeitikia kwa Jina la Hezroni

Mimi si Mpare. Nilizaliwa Tukuyu, nikaletwa huku milimani na barua ya wizara, nikiwa mwalimu kijana mwenye koti zito na majivuno ya chuo. Walinipanga shule ya msingi juu kidogo ya Mhezi, nikadhani nitakaa mwaka mmoja niombe uhamisho. Nimekaa mpaka nimestaafu. Chasu nakisikia vizuri ingawa nakisema vibaya, na wenyeji wamenizoea na mdomo wangu. Nasema haya mapema ili mtu asije kuniuliza mambo ya ukoo wa watu yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu Eliakunda alikuwa rafiki yangu.

Tulikutana kwenye msaragambo. Hiyo ndiyo kazi ya pamoja ya Wapare: baragumu inalia asubuhi, kila kaya inatoa mtu mmoja, mnakwenda kuzibua mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya kumwagilia. Kabla ya kazi, balozi wa nyumba kumi huita majina ya wakuu wa kaya, na asiyekuwepo hutozwa faini. Nilisimama pembeni na jembe la kuazima nikisikiliza. Aliita majina ya wanaume watupu, na waliokuwa wakiitika "Yupo" karibu wote walikuwa wanawake. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilipogeuka niliwaona wamesimama kwenye umande, vitenge vimekazwa kiunoni, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Hezroni," balozi akaita.

"Yupo," akaitika mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekuwa karibu yangu.

Nilicheka kwa sauti, nikaaibika. Yule mwanamke akaniangalia, naye akacheka kidogo, akaninong'oneza kwamba leo Hezroni amevaa gauni, Mwalimu asimshangae. Huyo ndiye Eliakunda.

Hezroni mwenyewe, mumewe, alikuwa tambarare kwenye shamba la mkonge. Miaka ile sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ya kuomba kwa anayemjua mwenye duka, na wanaume wengi walishuka kutafuta. Hezroni alikuwa akipanda nyumbani kila Krismasi na kitenge cha mkewe na biskuti za watoto. Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka ya Same yakajaa vitu hadi barazani, lakini kahawa ikashuka bei, shamba la mkonge likapunguza watu, na Hezroni akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hakurudi nyumbani. Alikwenda Mererani kuchimba vito, akaandika barua moja kwamba mambo yatakuwa mazuri, kisha kimya. Hakuna aliyesema amekufa, wala aliyesema yu hai. Watu waliopita huko walirudi na maneno yasiyofanana.

Walikuwa wamezaa watoto wawili, Agape na Asheri. Asheri, yule wa kiume, alichukuliwa na surua kabla hajaanza kutembea vizuri, wakamzika chini ya migomba, ukingoni mwa shamba, mahali mfereji unapopinda. Sikuwahi kumwona Eliakunda akipita pale bila kuinama kuokota jani lililoanguka.

Lazima nieleze habari ya shamba lile, maana ndilo kila kitu. Lilikuwa shamba zuri, karibu na ndiva, maji yanalifikia kabla ya mengine. Lakini lilikuwa la ukoo. Hezroni alipewa na baba yake, na Eliakunda alililima kwa sababu ni mke wa Hezroni. Kama Asheri angekua, Eliakunda angelilima kwa sababu ni mama wa Asheri. Agape hakuhesabiwa, kwa kuwa ni msichana na ataolewa kwingine. Basi mtoto alipozikwa, kilichombakizia Eliakunda shamba lile ni jina la mwanamume asiyejulikana aliko. Ndiyo maana aliliitikia kila msaragambo, mvua inyeshe au homa impige. Lile neno "Yupo" ndilo lililokuwa hati yake, na kila mwanamke pale juu ambaye mumewe alikuwa amepotelea mjini alikuwa na hati ya namna hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata baada ya vyama vingi kuruhusiwa, alikuja Rosemary, afisa maendeleo ya jamii kutoka Same, dada mchangamfu mwenye viatu visivyofaa kwa njia zetu. Alisema kuna mradi wa maji ya bomba, yatakayoteremshwa kwa mabomba kutoka chemchemi ya msituni. Fedha hazitoshi vitongoji vyote, kwa hiyo wafadhili wanataka takwimu kwanza: nani anachota maji, nani analima, na kaya ngapi zinaongozwa na wanawake, kwa maana huko ndiko mzigo ulikozidi. Vitongoji vyenye kaya nyingi za namna hiyo vitatangulia. Sisi maji tuliyachota mtoni, chini kabisa, kwa njia ambayo masika hugeuka utelezi mtupu. Masika yaliyopita Honorata, jirani yetu, alianguka na ndoo akiwa mjamzito wa miezi mingi, akapandishwa kwa machela, na mtoto hakupona. Hakuna aliyehitaji kuelezwa faida ya bomba.

Eliakunda alichaguliwa kuwa mmoja wa wachukua takwimu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, ana mwandiko wa kusomeka, na alipanda mlima bila kuhema. Alifurahi sana. Alifua gauni lake la kanisani akalivaa kwa kazi ile, nami nikamtania kwamba amepata cheo, sasa atatusahau. Jumamosi nilifuatana naye. Wanawake walimkaribisha jikoni, wakaulizana habari za watoto na ng'ombe, kisha maswali yakaanza. Wakiulizwa kazi yao, walijibu kwamba hawana kazi, wanakaa tu nyumbani, huku mikono inamenya, inachambua, inapuliza moto. Wakiulizwa mkuu wa kaya ni nani, walitazama mlangoni kama vile kuna mtu anaingia, kisha wakataja jina la mwanamume. Mmoja mumewe alikuwa Mombasa na mke mwingine, jambo lililojulikana mpaka kwa watoto wa darasa la kwanza. Alimtaja vile vile, kwa heshima zote.

Eliakunda aliandika alivyoambiwa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kwenye semina: andika jibu la mtu, usiandike unachojua wewe. Ilipofika zamu ya nyumba yake, alinipa kalamu nimhoji mimi, kwa kuwa mtu hawezi kujihoji. Nilimuuliza mkuu wa kaya nikidhani tutacheka.

"Hezroni," akasema.

Nikamwangalia bila kuandika.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Hilo jina ndilo linalonilisha."

Nikaandika.

Miezi ikapita, Rosemary akarudi na matokeo. Alisema takwimu si za kufungiwa ofisini, watu waliohesabiwa wana haki ya kuambiwa wamehesabiwaje, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo. Mkutano ulifanyika darasani kwangu. Alibandika makaratasi makubwa ubaoni, yenye mistari ya rangi, akaeleza taratibu kitongoji kwa kitongoji. Alipofika kwetu alitabasamu. Alisema tushukuru, kwetu kaya karibu zote zina wanaume, wanawake wetu hawana mzigo mkubwa kama wenzao, na kwa sababu hiyo kwenye orodha ya maji tutakuwa wa mwisho. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma alicholetewa.

Wanawake walitazama miguu yao. Honorata alikuwa mbele, kwenye dawati la watoto, mikono imelala tumboni palipokuwa pameshakuwa patupu. Wanaume wachache waliokuwepo walikaa nyuma, na Eliufoo, mdogo wake Hezroni, alikuwa karibu na mlango. Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini kwenye jambo kama lile mimi ni mtu wa kuja, na neno langu lingechukuliwa kuwa la mtu wa kuja. Eliakunda akasimama.

"Dada Rosemary, hesabu hiyo ya kwetu nilichukua mimi, na siyo kweli," alisema. "Hujakosea wewe. Tuliulizwa, tukajibu kwa heshima. Kaya yangu mkuu wake ni mimi. Hezroni hayupo."

Eliakunda aliketi, akajitanda kanga. Hakuna mwanamke mwingine aliyesimama. Nilikasirika siku ile, na sasa pia ninapoandika nimekasirika, ingawa naelewa. Kila mmoja alikuwa na shamba lake la kulinda na shemeji yake ameketi nyuma.

Rosemary hakuwa mjinga. Aliangalia nyuso, akasema hesabu inaweza kurudiwa kabla haijapelekwa mbele, na safari hii majina hayataandikwa, itaandikwa idadi tu, hakuna atakayejua nani kasema nini. Eliakunda akapita tena nyumba kwa nyumba. Sikufuatana naye, aliniomba nisiende, lakini aliniambia baadaye kwamba wanawake walifunga mlango wa jiko kwanza, wakasema, na wengine walilia kwa kulisema tu. Hezroni hayupo, Rodgers hayupo, fulani hayupo tangu mwaka ule wa njaa. Kumbe zaidi ya nusu ya kaya zetu zilikuwa zimebebwa na wao peke yao. Hesabu mpya ilisomwa Same, tukapandishwa juu kabisa ya orodha. Ila wale wote walisema jikoni, mlango umefungwa. Aliyesema mbele ya watu ni mmoja.

Ukoo ulikaa kabla ya mavuno. Eliufoo hakuwa shetani, nisije nikamchora vibaya kuliko alivyo. Naye alikuwa amepunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika, ana watoto wa kiume wanaokua na kishamba cha mawe matupu juu kule. Alizungumza kwa upole, wala hakumtukana mtu. Alisema shemeji yake amesema mwenyewe, mbele ya serikali, kwamba kaka yake hayupo, na shamba la mtu asiyekuwepo hurudi kwa ukoo. Wazee wakaona ana hoja. Eliakunda angeweza kurudi mbele yao akasema alikosea, Hezroni yupo, na nadhani walikuwa wanamsubiri afanye hivyo wayamalize. Lakini hesabu ile ingekuwa ya uongo tena, na mwenye kuitoa ni yeye. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kaburi la Asheri lisilimwe. Wakakubali, na kwa haki ya Mungu Eliufoo hakulilima. Alipanda tangawizi mpaka ukingoni mwake.

Baragumu ya kuchimba mtaro wa bomba ililia wakati tayari amefungasha vitu. Alikuja na jembe. Balozi, kwa mazoea, akaita Hezroni. Eliakunda alisimama kimya, anamtazama usoni. Balozi akakohoa, akaruka jina, akaendelea na mengine, wala hakumuita yeye. Tulichimba naye siku nzima bila jina lake kuwepo mahali popote. Siku iliyofuata aliteremka Same na Agape, ambaye alikuwa ameshamaliza la saba.

Huko Same alipanga chumba nyuma ya stendi. Wanaoijua Same wanajua jua lake na lile vumbi jekundu, na mtu aliyezoea baridi ya kwetu huko hunyauka. Aliuza ndizi na tangawizi kwa abiria, na maji aliyotumia yalikuwa ya chumvi, ya kununua kwa ndoo. Kila nilipoteremka kuchukua mshahara nilifikia kwake. Hakuwahi kulalamika, jambo lililoniudhi, maana mimi nililalamika kwa niaba yake mpaka chai ikapoa. Alinizuia kuwasema vibaya wanawake wa juu. Alisema kama na yeye asingekuwa ameshika kalamu ile, asingesimama. Halafu kila mara aliuliza kama kaburi lina majani, nami nilimwambia nimelisafisha, na ilikuwa kweli.

Bomba lilipofunguliwa zilikuja hotuba na ngoma. Walimshukuru mbunge, mwenyekiti na wafadhili, na jina la Eliakunda halikutajwa. Bomba la kitongoji chetu liliwekwa njiani, juu tu ya shamba lile lililokuwa lake. Nilijaza kidumu, nikampelekea. Alimimina kwenye kikombe, akanywa taratibu, akafunga macho. Alisema maji haya hayana ladha ya majani kama ya mtoni. Yaliyobaki alimwambia Agape ayatumie kupikia chai, asiyamwage hata tone, na nilitoka nje nikajifanya natafuta kiatu changu kwa sababu sikutaka anione.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka mmoja wa kiangazi kikali. Alichelewa kwenda hospitali, kama watu wengi wa siku zile ambapo matibabu yalishakuwa ya kuchangia. Alifariki mchana, Agape amemshika mkono. Binti alikuwa ameshakuwa fundi cherehani, hajaolewa, na alichotaka ni kimoja: mama yake alazwe kando ya Asheri.

Tulipanda kuzungumza na Eliufoo. Alitupokea vizuri, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alisema mke wa ukoo huzikwa nyumbani, hawezi kuachwa makaburi ya mjini kama mtu asiye na kwao. Kisha akaomba aone wasifu utakaosomwa kanisani. Nilikuwa nimeuandika mimi, na nilikuwa nimeeleza kwamba marehemu alikuwa mkuu wa kaya yake, na kwamba yeye ndiye aliyechukua takwimu zilizotuletea maji. Eliufoo aliusoma mara mbili. Akamgeukia Agape.

"Mwanangu," alisema, "hapa ninamzika mke wa kaka yangu. Kama siye mke wa Hezroni, basi sijui ninamzika nani kwenye shamba hili."

Hakupandisha sauti. Nilikuwa tayari kumjibu, na majibu yangu yalikuwa mengi, lakini Agape alinigusa goti. Akatazama nje, kule migombani.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Mke wa Hezroni. Mama wa nyumbani. Nataka alale na Asheri."

Nikaandika tena. Mara ya pili maishani mwangu naandika jina la mtu yule mahali pa Eliakunda, na mara zote mbili niliambiwa na mtu asiyekuwa na njia nyingine. Ilisomwa hivyo kanisani. Aliolewa na Hezroni, alijaliwa watoto wawili, alikuwa mama wa nyumbani mcha Mungu. Wasifu ulikwisha kabla watu hawajakaa vizuri kwenye mabenchi.

Kaburini walikuja wote, wanawake wa jikoni wote, wamejifunika kanga mpaka puani. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Eliufoo alishika karatasi ya kuita watu waweke mashada, kwa utaratibu wa siku zote: mume kwanza, ndipo watoto, ndipo ndugu na majirani. Sijui kama alisahau au alitaka mambo yaende kama kitabu kinavyosema.

"Mume wa marehemu," akaita. "Hezroni."

Watu walitazama chini. Shada la kwanza lilikuwa limelala kwenye nyasi, na hapakuwa na mtu wa kuliinua. Maji ya mfereji yalisikika. Eliufoo aliinua uso kutoka kwenye karatasi, nikaona ameelewa alichofanya, lakini jina lilikuwa limeshatoka.

Agape akapiga hatua, akainama, akalichukua lile shada.

"Yupo," akasema.

Aliitika kwa sauti ya mama yake, ile ya asubuhi za msaragambo, wala haikutetemeka. Honorata aliyekuwa kando yangu aliketi chini pale pale kwenye udongo. Agape aliweka shada kichwani mwa kaburi, akaokota jani la mgomba lililoangukia kwa Asheri, akarudi mahali pake. Eliufoo aliendelea kuita majina mpaka yakaisha. Kisha tukapanda njiani, tukapanga mstari, tukanawa mikono bombani.